Bosi Ananyonyoka

Jumamosi, 3 Mei

Manyoya! Kwenye kochi, kwenye pazia, kwenye chai yangu. Asubuhi nimekuta unyoya mdomoni, nikauvuta, ukaja, ukazidi kuja. Ni msimu wake. Bosi hunyonyoka kila mwaka, lakini zamani tulikuwa na nyumba yetu, na marehemu mke wangu alikuwa akimchana kila jioni kwenye ngazi za nyuma. Sasa mke hayupo, nyumba hatuna, na mimi na Bosi, mbwa wake, tunaishi kwa mwanangu.

Mkwe wangu ana mimba kubwa na ana pumu. Leo amekohoa mpaka akakaa chini jikoni, sahani mkononi.

Mwanangu kaniita uani. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba, mambo yakiendelea hivi, Jumamosi ijayo Bosi anaenda kwa mlinzi wa ghala." Mlinzi wa ghala! Yule anayefunga mbwa kwa mnyororo wa baiskeli! Nimemwambia aniachie mimi. Nimekuwa fundi cherehani tangu hajazaliwa. Kitambaa kinachofumuka hakinipi shida.

Jumatatu, 5 Mei

Kwa daktari wa mifugo. Dada mmoja mwembamba, miwani mikubwa. Kasema Bosi haumwi kitu. Nimchane kila siku, nje, kwa brashi ya waya, taratibu, kufuata manyoya yanakolalia. Nimwogeshe kwa sabuni ya mbwa, nimkaushe vizuri. Nisimnyoe kabisa, maana manyoya ya ndani ndiyo yanayomkinga na jua. Nikauliza itachukua muda gani. Wiki kadhaa. Wiki kadhaa! Mimi nina mpaka Jumamosi.

Kurudi, nikamkuta jirani yetu, mwalimu mstaafu, amesimama ukutani na mbwa wake mwenye manyoya mafupi yanayong'aa kama kiatu cha harusi. Kaniambia Bosi anataka kuchanwa tu. Nani kamuuliza?

Jumanne, 6 Mei

Nimemshonea Bosi koti. Bitana ya suti, zipu tumboni, lastiki miguuni. Manyoya yanyonyoke yanavyotaka, yatabaki humo humo. Kazi safi sana. Alitembea kama waziri anayekagua gwaride. Mwalimu akachungulia, akauliza mahari ni kiasi gani.

Mchana nimemkuta Bosi chini ya meza, ulimi nje, anahema kama mvukuto. Nimemwinua, miguu ikakunjika. Nikafungua zipu haraka. Manyoya yakatoka yote kwa mpigo, kama mto uliopasuka. Sebuleni. Feni ilikuwa inazunguka.

Nimefagia mpaka mgongo ukagoma. Bosi alikunywa maji, akaenda kulala mbali nami.

Jumatano, 7 Mei

Mpango mpya: kuyatoa yote kwa siku moja, bafuni, maji moto na sabuni ya unga. Nyumba ilikuwa tupu, wote kazini. Manyoya yalitoka kweli, yakaziba shimo la maji. Maji yakaingia ukumbini, Bosi akakimbilia kochini, akajikung'uta. Harufu ya mbwa aliyelowa nyumba nzima!

Nikakumbuka kopo la dawa ya kupuliza, ile yenye harufu ya maua. Nimepuliza kochi, pazia, mazulia na Bosi mwenyewe, mpaka kopo likaanza kukoroma. Mkwe akarudi, akasifu harufu kwa adabu tu, akakaa kochini kuvua viatu.

Kiatu cha pili hakukivua. Dawa yake ya kuvuta haikusaidia. Midomo ilibadilika rangi. Mwanangu alimbeba hadi kwenye teksi, na mimi nikashika mlango wa gari ambao tayari ulikuwa wazi.

Alhamisi, 8 Mei

Kalazwa, yuko kwenye oksijeni. Mwanangu alipita kuchukua nguo za mkewe na khanga. Hakunitazama. Nilimuuliza mtoto tumboni anaendeleaje. Kasema wanasubiri.

Nimekaa. Nimefikiri. Kisha nimekwenda kwa kinyozi kuazima mashine. Daktari wa mifugo ni daktari wa vitabuni. Mimi nimekata suti za maharusi, nitashindwa na mbwa mmoja?

Mashine ilipata moto. Nikaipumzisha, nikaendelea kwa mkasi wa kazi. Ngozi ya mbwa si kama kitambaa, inakunjamana. Nimemkata shingoni na ubavuni. Hakubweka. Aligeuza tu kichwa, akaninusa mkono, kama anayetaka kuhakikisha ni mimi. Nimemaliza hata hivyo. Amebaki na manyoya ya mkia tu. Nimemwacha uani asirudi kuchafua ndani.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda hospitali kupeleka habari njema kwamba manyoya yamekwisha. Muuguzi kanizuia mlangoni. Nimekaa kwenye benchi hadi alasiri, habari yangu mkononi.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa ndani ya uwanja wetu. Aliruka ukuta, mzee yule na magoti yake! Alikuwa amepiga magoti, anamwekea Bosi kitambaa kilicholowa. Jua la mchana kutwa. Mgongo mzima mwekundu, malengelenge, na yale majeraha ya mkasi yamevimba. Kasema alisikia mlio akadhani ni mtoto.

Daktari wa mifugo kaja. Kasema manyoya huenda yasirudi kama yalivyokuwa. Kauliza nani alinishauri kumnyoa. Nikasema kinyozi.

Jumamosi, 10 Mei

Mkwe karudi nyumbani, mtoto tumboni salama. Nililia kidogo bafuni, bomba likiwa wazi.

Daktari wa hospitali aliwauliza ni kitu gani kilipulizwa mle ndani. Kumbe kilichomkaba kifua zaidi ni ile dawa ya maua. Mwanangu alinieleza hayo akiwa mlangoni kwangu, bila kuingia. Kisha akasema, "Baba, ungemchana tu."

Bosi, ambaye Mwalimu alimchukua jana, anabaki kwake. Uamuzi wa mkwe. Aliniambia kwa upole, sauti bado inakwaruza: "Baba, wewe hatukufukuzi." Hilo la kufukuzwa halikuwahi kuniingia akilini mpaka alipolitaja.

Jumanne, 20 Mei

Nyumba safi. Chai safi. Sijawahi kuona nyumba kimya namna hii.

Nimechungulia ukutani. Bosi kalala kivulini, mgongo umeanza kukauka, lakini ni upara mtupu, madoadoa. Nikamwita. Sikio moja lilipanda, likashuka. Hakuinuka.

Mwalimu kasema anaendelea vizuri, asipakwe chochote ila marhamu ya daktari, tusubiri. Kusubiri tena! Watu hawa hawajui neno lingine?

Kinyozi kaniuzia mafuta ya kuotesha nywele. Kachanganya mwenyewe, ndani mna pilipili na kitu cha kijani ambacho hataki kukitaja. Mwalimu huenda sokoni kila Jumatano asubuhi, na ukuta si mrefu kiasi hicho. Bosi akiota manyoya, atanijua tena.

Mimi si mjinga, siwezi kumpaka mbwa mgonjwa kitu ambacho sijakijaribu. Nimejipaka kwanza kwenye upara wangu. Kichwa kinawaka moto, machozi yananitoka, jicho la kushoto limejifumba lenyewe.

Yanafanya kazi.