Rubani Aondoke Ukutani Kwangu

Kwa Mwenyekiti,
Bodi ya Ukaguzi wa Filamu.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA FILAMU YA "ANGA LETU, DAMU YETU" NA KUMWONDOA RUBANI SEBULENI KWANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na bodi yako yote, pamoja na yule karani wa mapokezi aliyeniambia malalamiko yaandikwe kwa herufi zinazosomeka. Nimejitahidi.

Mimi ni fundi mstaafu wa jeshi la anga. Kwa miaka ishirini na tisa nilishughulikia magurudumu ya ndege za kivita: kujaza upepo, kukagua tairi, kuweka kabari ndege ikisimama na kuziondoa ndege ikitaka kuondoka. Kazini waliniita Mzee Upepo, na jina hilo sijawahi kulikataa. Hakuna rubani aliyepaa kabla sijapiga tairi zake kofi mara tatu, na hakuna aliyerudi kulalamika. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kuokotwa barabarani.

Wiki tatu zilizopita mke wangu alinipeleka kuiona filamu hiyo. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Walilia, wakashangilia, wakasimama kupiga saluti hata wasiowahi kushika filimbi ya mgambo. Mimi pia nililia, lakini kwa sababu zangu, ambazo nazipanga hapa chini.

1. Rubani wa filamu anafyatua makombora sitini na moja. Nilihesabu kwa vidole, vyangu na vya mke wangu, mpaka akaninyang'anya mkono wake. Ndege ile inabeba makombora manne. Hayo hamsini na saba aliyatoa wapi? Kama alikuwa akiyaokota njiani, tuonyeshwe.

2. Anaruka kichwa chini miguu juu huku akiimba wimbo wa taifa beti zote, kisha anashuka nywele zikiwa zimechanwa vilevile. Nimewapokea marubani wengi wakishuka. Wengi wao hushuka wakitafuta mahali pa kutapika, na hilo halikuwapunguzia uzalendo hata kidogo.

3. Hili ndilo lililoniinua kwenye kiti. Kabla rubani hajapaa mara ya mwisho kuliokoa taifa, ndege yake inaonekana imesimama uwanjani. Pembeni yupo fundi, anaonekana mgongo tu, kwa sekunde mbili. Ameinama kwenye gurudumu, anainuka, anajipangusa mikono, anaondoka zake. Kabari ameziacha palepale, na utepe wake mwekundu unapepea taifa zima likiuona! Ndugu Mwenyekiti, kabari ni kigogo kinachowekwa mbele ya gurudumu ili ndege isiende popote, na ule utepe mwekundu hufungwa ili hata mlevi asikisahau. Sekunde inayofuata, ndege iko mawinguni.

Nilisimama nikapaza sauti, "Kabari! Jamani, kabari!" Aliyekaa nyuma yangu akasema, "Mzee, kaa chini bwana, tunatetea nchi hapa." Mwingine akaniita msaliti. Mlinzi wa ukumbi akaja, akanishika mkono kwa heshima zote, akanitoa nje. Mke wangu hakutoka. Alibaki mpaka mwisho, na njia nzima ya kurudi nyumbani alinisimulia sehemu niliyoikosa.

Namtaka mwigizaji yule wa mgongo atafutwe. Simjui wala sitaki kumjua, ila kutembea kwake tu kulionyesha mtu asiyewahi kufanya kazi ya mikono. Awaombe radhi mafundi wote kwa maandishi, na apigwe marufuku kusogelea kitu chochote chenye gurudumu, likiwemo toroli.

4. Mtaani hapakaliki. Kinyozi wetu amesahau mitindo mingine yote. Ukikaa kwenye kiti chake unainuka rubani. Mimi nina upara, na hata mimi alijaribu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anauza magodoro. Siku hizi anavaa miwani myeusi ndani ya duka, na mteja akimwuliza kama lipo la futi tano anajibu, "Nimekupata, nimekupata, endelea." Gazeti moja limeandika kwamba asiyelia kwenye dakika ya tisini achunguzwe uraia wake. Dakika ya tisini mimi nilikuwa nje na mlinzi, tunakunywa maji. Je, nijisalimishe wapi?

5. Filamu yenyewe ilipigwa kambini kwetu, mwaka wangu wa mwisho kazini. Walikuja na taa zao, na bwana mmoja mwenye kofia na kipaza sauti akatufukuza uwanjani kama kuku walioingia sebuleni. "Nyie mafundi, tokeni kwenye picha! Wewe mzee, acha hicho unachofanya, toka!" Nilikuwa katikati ya kazi, lakini mimi ni mtu wa nidhamu, nikatoka. Na mwishoni mwa filamu, kwa mujibu wa mke wangu, wameshukuriwa wote mpaka mchemsha chai na mbwa wa ulinzi. Fundi wa magurudumu hayumo.

6. Hili nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Sebuleni kwetu, juu ya televisheni, palikuwa na picha yangu ya siku ya kustaafu, nimevaa ovaroli safi, mkono nimeuweka juu ya tairi. Mke wangu ameishusha. Mahali pake amebandika bango la rubani, ukubwa wa mlango, meno yote nje. Mimi niko juu ya friji, nimelazwa chali, nimewekewa birika. Nilipouliza, alinijibu bila ubaya wowote, "Baba watoto, huyu si anapendezesha nyumba?" Halafu, huku akikunja nguo, akaniuliza, "Hivi wewe hasa, miaka yote ile, kule ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa najaza upepo. Akasema, "Aa," akaendelea kukunja. Huyu ndiye aliyenifulia ovaroli miaka yote hiyo na kuzitia viraka kwa mkono wake. Hiyo "aa" iliniuma kuliko kuitwa msaliti mbele ya watu mia nne.

Kwa hiyo naomba filamu isimamishwe nchi nzima kuanzia Ijumaa. Pili, ipigwe upya kuanzia pale kwenye kabari, ndege ibaki chini kwa saa nzima iliyosalia mpaka fundi halali aje aziondoe; naamini adui atasubiri. Tatu, bodi itume afisa mwenye barua na mhuri aje kulibandua lile bango, kwa sababu nikiligusa mimi, nitahamia juu ya friji na mwili wangu.

Nisalimie wajumbe wote, dereva wako, na yeyote anayeshughulikia matairi ya gari lako. Mwambie la mbele kushoto halina upepo wa kutosha, nililiona nilipokuja.

Wako katika kulitetea anga kutokea chini,

Mzee Upepo
Fundi Magurudumu (Mstaafu)

N.B. Kabla sijaipeleka barua hii, mke wangu amekwenda kuiona filamu kwa mara ya nne, akarudi mbio kiatu kimoja mkononi. Anasema yule fundi wa mgongo ana kiraka chini ya bega la kulia, cha kitambaa cha pazia letu la zamani la jikoni, lenye maua ya njano. Anasema hakuna mwingine nchi hii mwenye kiraka hicho, maana alikishona yeye. Nilibisha. Akanipeleka. Mgongo wangu sijawahi kuuona nikiwa kazini, Ndugu Mwenyekiti, lakini lile pazia nalijua.

Alisimama katikati ya ukumbi akapaza sauti, "Huyo ni mume wangu! Huyo hapo kwenye gurudumu, ni wangu!" Wakamwambia akae, hakukaa. Watu wakapiga makofi. Mlinzi akaja, akanitambua, akapiga saluti.

Kwa hiyo ile radhi niliyoidai nimejiomba, na nimejisamehe, kwani niliamriwa kutoka. Tafadhali filamu isisimamishwe. Iongezwe mwezi, na zile sekunde mbili, kama mitambo inaruhusu, ziwe nne. Afisa wa kubandua bango asije tena, mke wangu mwenyewe ameshalibandua. Shemeji aliipiga picha ile sehemu kwa simu akaikuza, na sasa juu ya televisheni pana mgongo wangu. Wageni wakija, mke wangu huwaonyesha kwanza kiraka, kisha utepe, kisha huwaeleza kabari ni kitu gani. Anaeleza vizuri kunishinda.

Anawaomba, mkipiga nyingine, mtujulishe mapema. Ametenga kipande cha pazia la sebuleni.