K ya Baba

Jumatatu, 3 Juni
Nimeapa! Gari la marehemu baba, jekundu, la michezo, miaka sita limelala gereji chini ya turubai. Baba mdogo kasema Jumamosi linakwenda kukatwa chuma chakavu. Labda, kasema, litoke getini lenyewe. Hapo litakuwa langu. Basi nitalitengeneza. Kabureta mbili nimezifungua. Moja baba kaiandika kwa chaki: K. Kulia, bila shaka.

Jumanne, 4 Juni
Nimewasha. Mlipuko! Nyusi moja imeungua. Fundi wa jirani kachungulia juu ya ukuta, akaniita Injinia, akauliza nahitaji spana au sala. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Juni
Mbele ya K pameongezeka herufi: USHOTO. Mwandiko wa baba, T yenye mkia. Na ufunguo wa gereji nalala nao shingoni! Ni fundi tu. Nimenyunyiza unga sakafuni.

Alhamisi, 6 Juni
Unga hauna hata unyayo. Kabla sijawasha chochote, mama aligusa boneti kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Akasema lina joto. Akatoka bila kunitazama.
Kabureta nimezibadilisha. Si kwa woga, kwa utafiti. Injini ikawaka, ikakohoa. Kikohozi nakijua.

Ijumaa, 7 Juni
Chaki mpya, kwenye nati ya waya wa breki ya mkono: FUNG. Funga au fungua? Nimewaza saa nzima kwenye kiti cha dereva. Nacho kina joto. Baba hakupenda mambo ya kubana. Nimefungua.

Jumamosi, 8 Juni
Baba mdogo kaja na lori la chuma chakavu. Nikawasha, gia huru, nikashuka kuwaonyesha moshi ulivyo mwepesi. Gari likaanza kwenda. Uwanja wetu unateremkia nyumbani; lenyewe lilipanda! Taratibu, likakwepa tangi la maji, likatoka getini, likasimama. Fundi, aliyekuwa akichungulia, akapotea ukutani. Baba mdogo akasema neno “lenyewe” alilitamka mwenyewe, basi gari nilichukue, na nisimwite tena hapa. Nimemweleza kwamba ni ufundi wa breki.

Jumapili, 9 Juni
Kwenye usukani, safari hii bila kufupisha: MWANANGU, INATOSHA. Mama kalia. Mimi nimecheka. Baba anasema oili, jamani! Nimechomoa kijiti cha kupimia: kweli, inatosha. Kesho nafungua giaboksi.