Matairi Manene ya Baba Jubek

Jumatatu, 1 Septemba

Jubek amelibusu tairi sasa hivi. Si utani. Amelikumbatia lile la mbele, amelibusu, halafu akalilamba. Mdomo wote matope. Ana mwaka na miezi mitano na anamjua baba yake kwa tairi. Si kosa lake. Lokosang hutoka na gari mtoto amelala, hurudi mtoto amelala. Mchana kinachobaki uani ni alama za matairi, na Jubek anazifuata kwa kidole.

Leo gari lipo. Lokosang ameenda Torit kumzika mjomba wake, atarudi Alhamisi. Ameliacha chini ya rakuba, kile kibanda chetu cha kivuli, funguo ameenda nazo, na neno moja tu: Mama Jubek, lisiguswe.

Siligusi. Naliangalia tu.

Hoteli moja kando ya mto inataka gari la kubeba wafanyakazi asubuhi na kuwarudisha jioni. Saa kumi na mbili dereva yuko kwake. Saa kumi na mbili! Jubek macho wazi! Mkubwa wa hoteli ni Mkenya, Madam Chepkoech, anakaa hapa hapa Juba, mtaani kwetu Hai Malakal. Ijumaa atapanda letu, Jumamosi atapanda la Robinson, halafu achague moja.

Robinson ni jirani, mume wa Harriet. Magari yetu ni mapacha, Toyota moja, rangi moja. Ila la Robinson limevaa lo-profaili: rimu kubwa nyeusi, na mpira mwembamba kama mkanda wa shule. Letu lina matairi manene kama miguu ya shangazi yangu wa Koboko. Leo Harriet amechungulia juu ya ua. Ameuliza kama Lokosang anataka kubeba watu wa hoteli au mihogo. Nimecheka sana. Nilipoingia ndani sikucheka.

Jumanne, 2 Septemba

Nimepata akili!

Nimemfunga Jubek mgongoni, nimepanda boda mpaka Hai Jalaba, kwa Dancan, yule Mkenya wa matairi. Na ona Mungu anavyofanya kazi. Jana jioni tu amepata lo-profaili nne, saizi ya gari letu kabisa. Hataki hata pauni. Tubadilishane tu, yeye achukue manene, mimi nichukue membamba. Niliuliza mara mbili kama hakuna pesa. Akasema aki mama, kwako ni bure, nimekuonea huruma.

Nikamuuliza, na mashimo? Akasema shimo lenyewe huheshimu gari maridadi. Sikuelewa lakini nilipenda.

Amekuja mchana na jeki. Funguo hazikuhitajika. Lokosang alisema lisiguswe. Mimi sijaligusa. Dancan ndiye aliyeligusa.

Rimu zinang'aa rangi ya fedha! Gari limeshuka kidogo, kama mtu anayechuchumaa. Jubek amekataa kulibusu. Amepapasa rimu, halafu akajipapasa mwenyewe, na sasa mikono yake ni ya fedha mpaka masikio. Nimesugua kwa sabuni, haitoki. Dancan alisema ni mng'ao wa kiwandani.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua toka alfajiri. Shimo la mbele ya lango letu, lile watu wanaliita Bahari, limejaa. Bata wa jirani Mama Akon wanaogelea humo na watoto wao. Nimesimama langoni nikaangalia Bahari, nikaangalia mpira wa gari letu. Vidole vitatu. Nimepima. Nimepima tena kwa vidole vya mkono mwingine. Vitatu.

Harriet ameniletea kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, kwenye sahani, ya moto. Harriet! Hajawahi kunipa hata chumvi. Amesifu matairi, amesema sasa tumefanana na watu. Halafu akauliza, kama mtu asiyejali, kama Dancan hukubali kurudishiwa. Nikasema nirudishe kwa nini? Akaniita kwa jina langu, akasema vizuri, ya Ketty, vizuri sana.

Gari la Robinson silioni toka jana. Harriet anasema liko gereji linaoshwa. Siku mbili? Kwenye mvua hii?

Kisra ilikuwa tamu. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Alhamisi, 4 Septemba

Lokosang amerudi. Alimnyooshea Jubek mikono. Jubek akajificha nyuma ya mguu wangu kama ameona daktari wa sindano. Lokosang akasema malesh, si neno, atazoea. Halafu akaona gari.

Mume wangu akipiga kelele najua pa kushika. Akinyamaza sijui. Alichuchumaa, akakwaruza rimu kwa ukucha. Fedha ikatoka. Chini yake nyeusi. Akanionyesha mkwaruzo ukingoni, akasema hapa Robinson aligonga jiwe karibu na daraja, mimi nilikuwa nimekaa naye.

Nikasema mikwaruzo hufanana.

Wakati huo huo Robinson akaingia mtaani. Gari lake juu ya matairi manene. Matairi yetu! Lile la mbele bado lilikuwa na alama ya kiraka, mahali fundi alipoziba tundu la msumari wiki iliyopita. Lilivuka Bahari polepole, laini, kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Harriet alikuwa ndani. Alinipungia mkono.

Kumbe Madam Chepkoech aliteguka mgongo mwezi uliopita. Madereva wote wanajua. Anataka gari lisilomtupa, basi. Ndiyo maana Lokosang alinunua manene. Ndiyo maana Robinson alikimbia kwa Dancan. Nikamuuliza mume wangu, na mimi kwa nini hukuniambia? Akasema nilikuambia lisiguswe, nikafikiri inatosha.

Ameenda Hai Jalaba. Dancan amemwambia kalas, biashara imekwisha, aongee na Robinson. Robinson hafungui mlango. Kesho ni Ijumaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Nilisema lazima niende nao, mimi na Jubek, ili niombe njiani. Lokosang hakuwa na nguvu ya kubisha.

Madam Chepkoech alikaa mbele na chupa ya chai na mto wake wa kitandani. Mama mpole. Alimwita Jubek mzee. Shimo la kwanza, gaa! Tumbo la gari chini. Shimo la pili sikuomba tena, nilimshika Jubek kichwa. Lokosang akapunguza mwendo, akapunguza tena. Mbuzi alitupita. Mwanamke mwenye gunia la makaa kichwani alitupita, akatusalimu, akauliza tunamzika nani.

Kwenye shimo refu ilibidi wote tushuke gari lipite tupu. Tulivuka kwa miguu, viatu mkononi, Madam na mto kichwani. Wafanyakazi wawili tuliowabeba walianza kutaniana kwamba hoteli imekodi mahujaji. Madam akasema taratibu kabisa, aki mimi nilidhani nimeletewa gari, kumbe nimeletewa kiatu.

Tulikaribia mtaa wa Juba Na Bari. Nikaanza kupumua. Kulikuwa na maji kidogo tu barabarani, maji ya kuoshea uso. Hayakuwa maji ya kuoshea uso. Lilikuwa shimo. Rimu imekunjika kama chapati, mpira umepasuka, na Jubek amejing'ata ulimi. Damu. Nililia kuliko yeye. Madam alitoa kitambaa chake akamfuta, akanifuta na mimi. Halafu akashuka, akasimamisha boda, akaondoka nayo. Na mgongo ule. Bado nauona mto ukiondoka.

Jumamosi, 6 Septemba

Harriet ametangaza tangu bombani. Madam alilala ndani ya gari la Robinson. Alikoroma! Robinson amepata kazi.

Alikoroma juu ya matairi yangu.

Nimelia nyuma ya jiko. Lokosang hajanigombeza, na hiyo ni mbaya zaidi. La akiba ni nene, haliendi na membamba matatu, basi gari lilivutwa mpaka nyumbani na sasa liko juu ya mawe, kwa hiyo hana pa kwenda. Ameshinda kwenye kiti uani. Jubek alimwangalia kwa mbali. Akasogea. Akarudi. Akasogea tena na kijiko. Saa saba alimkumbatia mguu, akabusu goti, halafu akalilamba. Lokosang alicheka mpaka kiti kikaanguka. Jubek alimwona baba yake mchana wote. Nilitaka saa kumi na mbili, nimepewa siku nzima, na hakuna unga.

Jumapili, 7 Septemba

Mungu yupo! Baada ya kanisa Madam Chepkoech ameleta ujumbe. Anataka gari la pili, la wageni wa uwanja wa ndege, mchana tu. Amesema Lokosang ni dereva mwenye roho nzuri, hakutukana shimo hata moja. Kesho asubuhi atapanda tena. Sharti ni moja: starehe.

Barnabas, dereva mwenzake, amemwazima matairi manne manene. Yamekwisha, vipara kama kichwa cha mchungaji wetu. Lokosang ameyafunga mwenyewe. Amesema moja litapasuka tu, ni suala la lini, lakini kwenye buti kuna la akiba, zima kabisa, na jeki. Hilo ndilo litatuokoa. Ameniangalia usoni akasema, Mama Jubek, lisiguswe. Nimesema nimesikia. Sasa anaoga.

Na mimi nimejifunza. Wallahi, nimejifunza! Kosa langu lilikuwa kutafuta urembo. Madam hataki urembo, anataka starehe. Na starehe iko wapi? Nimefikiri mchana mzima. Watu wanakalia tairi? Hawakalii. Wanakalia kiti! Yule mama alikuja na mto!

Dancan amepita hapa sasa hivi. Ana vifuniko vya viti vya manyoya meupe, laini, vinene, kama kukalia kondoo. Hataki hata pauni. Nimevivalisha vyote vinne. Jubek ameshajaza manyoya mdomoni, anacheka. Lile la akiba lilikuwa limelala tu gizani mwaka mzima, halijafanya kazi hata siku moja, Dancan amelichukua, na jeki pia, jeki peke yake ingefanya nini? Kesho Madam akikaa tu, kabla hatujafika hata Bahari, atajua kwamba sisi ni

Lokosang ananiita. Anauliza nani amefungua buti. Nakuja, Baba Jubek, nakuja, usipige kelele mtoto ataogopa, hiyo buti ni mimi nime