Friza ya Duka Lenye Adabu

Jumatatu, 12 Mei
Trela yangu ya kuuzia barafu za ukwaju iko tayari. Rangi ya chungwa, magurudumu mapya. Imebaki friza tu. Mwalimu Naomi wa chekechea hapa Bondeni ameagiza barafu mia moja za sherehe ya watoto Ijumaa. Zikipendeza, ataniagiza kila muhula. Mwanangu Ayman anaota meno, silali. Lakini akili bado inachemka.

Jumanne, 13 Mei
Maduka mawili, mtoto mgongoni. Muuzaji wa kwanza hakuinua uso. Ati friza yake haiharibiki, na nikishatoka mlangoni hatujuani. Wa pili aliitikia salamu mpaka mwisho. Akamuulizia mama, akayaulizia na meno ya Ayman. Friza ikiharibika, fundi huja siku hiyo hiyo, hata mara kumi. Nikanunua hapo hapo.

Shukri, mwenye trela ng'ambo ya barabara, anayo friza ya duka lile la kwanza. Kaniuliza mbona mwenye duka keshahesabu mpaka kumi. Wivu huo.

Jumatano, 14 Mei
Friza imezima saa nne. Fundi Kahindi kafika saa tano. Nikamwita Shukri aje aone huduma. Akajibu kwamba yeye fundi wake hamjui hata jina. Maskini, hana watu.

Alhamisi, 15 Mei
Imezima mara mbili, Kahindi kaja mara mbili. Ayman kamwita "Baba". Mume wangu Akil hakucheka. Nimemwambia kwa upole kwamba mtoto huyu humwita baba hata paka. Kisha nikamwambia bila upole ashike mwiko akoroge ukwaju, kesho kuna kazi.

Ijumaa, 16 Mei
Alfajiri nimefungua friza. Barafu mia, zote maji. Kahindi hapokei simu, yuko msikitini. Nikavuka barabara. Shukri akasema, shoga, nimekuwekea nafasi tangu jana, lete vikombe kabla sijabadili nia.

Saa tisa barafu zilikuwa ngumu kama mawe. Watoto wamekula mpaka kanzu zimeingia madoa. Mwalimu Naomi kaagiza za muhula ujao. Nimemkumbatia Shukri, akaniambia nimuachie, nanuka ukwaju.

Jumamosi, 17 Mei
Shukri kanishauri niirudishe friza, nichukue kama yake. Nimelifikiria sana, Ayman kalala kifuani. Kwani friza ya Shukri si ipo? Na ina nafasi. Ya nini kuwa na mbili?

Nimerudi kwenye duka langu la adabu, lakini kununua jiko la gesi, nianze na viazi karai. Wamenipokea kwa jina. Wameshanipangia na siku za Kahindi: Jumatatu kulifunga, Jumanne kulitengeneza. Duka gani jingine litakujali hivi?