Kiwiko cha Selpher

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimesema uongo hata chai ya saa nne haijapoa. Haukuwa mkubwa ulipokuwa unatoka mdomoni. Umekua njiani.

Nilikuwa na Tobias kwenye benchi letu, kando ya uwanja wa mpira wa kikapu wa hapa Kaloleni. Tobias ni jirani yangu, karani mstaafu wa reli, na simu yake imejaa takwimu. Tunabishana jambo lile lile kila siku: mimi nasimama na wachezaji wa zamani, yeye na wa sasa. Leo amesema Jordan angeambiwa amkabe Curry angemwita mamake. Nikamwambia wa zamani walicheza na raba zilizotoboka na hawakulalamika. Akasema ndiyo maana walikuwa wakiteleza.

Ndipo Awuor akaja na mikebe ya rangi. Yeye ni nahodha wa timu ya wasichana wa mtaa. Ukuta wa uwanja utachorwa mchezaji mmoja tu, mkali kuliko wote, na Jumamosi watu wataamua kwa makofi. Tobias akamtaja Curry papo hapo. Nami nikausikia mdomo wangu ukisema: Selpher.

Marehemu mke wangu! Alichezea timu ya wanawake wa reli. Mimi nilimjua baadaye, goti lake lilipokwisha kukataa mpira. Awuor akauliza, kwa heshima, alikuwa mkali kiasi gani. Nikasema siku moja alifunga pointi arobaini. Peke yake.

Tobias akavua miwani. Ishara mbaya.

Jumanne, 4 Februari

Nimejiuliza hizo arobaini zilitoka wapi. Siku ya mazishi, kule nyumbani Kakamega, mchungaji alisema marehemu aliwahi kufunga kumi. Kwenye ukumbusho, kaka yake akasema ishirini na kitu. Kwetu hakuna anayemsahihisha mfiwa. Niliona arobaini ni mwendo wa kawaida tu.

Lakini Tobias hana adabu za matanga. Asubuhi ameniuliza, mbele ya watu, wenzake Selpher wanne walikuwa wapi siku hiyo, wanasukana? Anataka shahidi. Nikasema yupo. Beldina! Alicheza na Selpher, sasa ni shemasi wa kanisa letu, anakaa mtaa jirani wa Mbotela. Mtu akisikia shemasi amesema, nani atabisha?

Nyumbani nina picha moja tu ya Selpher iliyo nzuri, ile ya mazishi. Amekunja uso kwa sababu ya jua. Wanaopita mbele yake ni mimi na mjusi tu. Nataka watu wapite wamwone. Ni hilo tu. Hata Curry hatakosa ukuta kwingine.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango: kumwalika Beldina chakula cha mchana, kumlainisha, kisha kumtajia ile arobaini kama jambo ambalo tayari analijua.

Nimechinja jogoo na kumpika mwenyewe. Ugali umekubali. Na ili Beldina aone nilivyomthamini, nikamwekea firigisi kwenye sahani yake.

Firigisi! Kwetu ni ya mwanamume mwenye nyumba, mwanamke hapewi. Baba yangu angefufuka. Beldina akaitazama, akanitazama, akaniuliza kama naumwa. Kisha akasogeza kiti nyuma. Akasema, shemeji, nakuheshimu sana, lakini Selpher alikuwa rafiki yangu na mimi sitafuti mume.

Nikaapa kwa kila kitu kilichokuwa mezani kwamba sikuwa na nia hiyo. Katika kuapa nikaropoka ukweli: nataka tu Jumamosi useme alifunga arobaini. Kisha akaila ile firigisi, taratibu, hadi ikaisha. Nikahesabu kuwa amekubali.

Alipoondoka nikakumbuka kitu. Miaka yote ya ndoa, firigisi yangu ilikuwa ikifika mezani imemegwa pembe moja. Selpher alikuwa akitoka nayo jikoni na midomo inang'aa. Sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi, 8 Februari

Laiti ardhi ya Kaloleni ingekuwa laini kidogo, ningeingia.

Mtaa mzima ulikuja. Tobias alianza, akasoma takwimu za Curry kutoka kwenye simu kama anayetangaza ratiba ya garimoshi. Makofi mengi. Kisha Beldina akasimama na suti yake ya kanisani. Nikamtikisia kichwa, kumtia moyo.

Akasema Selpher hakufunga arobaini. Akasema hana hakika kama alifunga arobaini maisha yake yote. Akasema, nami namnukuu kwa maumivu, "Shemeji alinipa firigisi ili nije niwadanganye."

Kisha mama muuza mboga za sukuma akaweka chini gunia lake akanipazia sauti: "Firigisi? Wewe Baba Muhonja! Firigisi?" Uwanja ukapasuka. Tobias, ambaye kwao ni ziwani, hawana desturi hiyo, aliuliza firigisi ina nini hasa. Alipoelezwa akavua kofia, kama mtu aliyepishana na jeneza. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Kamba moja ilikuwa imefunguka. Niliifunga kwa muda mrefu sana.

Lakini Beldina hakuwa amemaliza. Akasema kazi ya Selpher haikuwa kufunga. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kikapu na kiwiko. Mpira ukigonga ubao ukarudi, wote waliuogopa, kwa sababu Selpher yupo. Refa alimtafuta Selpher kwanza, mpira baadaye. Mechi nyingi alimalizia kwenye benchi, ametolewa kwa makosa, anatafuna njugu na kuwashangilia wenzake. Na kabla hajatolewa, hakuna aliyethubutu kumgusa Beldina, aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Kiwiko kile! Mimi nakijua! Kila nilipokoroma kilinipata mbavu za kushoto. Na mimi nilidhani kilikuwa changu peke yangu.

Nilicheka hadi machozi yakatoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Nikamwambia aliyekaa kando yangu ni jua.

Awuor akaruka juu: "Huyo mathee alikuwa noma! Tunachora kiwiko!" Makofi yaliyofuata yaliwatoa watu majumbani. Tobias naye alipiga, kofia kwapani.

Nilikuwa na jambo tamu namna hii, nami nikaenda kuazima uongo. Aibu. Aibu tupu.

Jumapili, 9 Februari

Kanisani akina mama wote wamenisalimu kwa kuniuliza habari ya kuku.

Nimemwomba Beldina msamaha. Akasema yamekwisha, na kwamba Selpher angecheka kwanza, halafu angenipiga kiwiko. Akaongeza kuwa kumega firigisi jikoni ni yeye, Beldina, aliyemfundisha.

Nimeahidi mbele ya madhabahu: kuanzia leo nitasema ya Selpher kama yalivyokuwa. Yanatosha.

Jumatatu, 10 Februari

Ukuta umekamilika! Kiwiko ni kikubwa kuliko kichwa, na chini yake jina lake lote. Uso haukukunjwa. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima.

Karibu saa sita akapita bwana mmoja wa Mathare, akasimama, akauliza huyu ni nani. Tobias alifungua mdomo kueleza. Nikamtangulia.

Nilianza vizuri. Nikasema ni mke wangu, mlinzi wa chini ya kikapu. Yule bwana akasema aa, kama mtu anayetaka kuendelea na safari yake. Anaondoka! Nikasema aliwahi kuvunja ubao wa kikapu kwa kiwiko hicho. Vipande viwili!

Bwana akarudi. Akapiga picha. Tobias akavua miwani, akaniuliza ubao huo uko wapi. Nikasema nimeuhifadhi nyumbani. Anakuja kuuona Jumatano.

Kesho alfajiri nakwenda Industrial Area, kule viwandani, kuna karakana inayotupa mbao kuukuu. Nahitaji moja pana, na nyundo.

Na jogoo. Beldina atahitajika tena.