Hata Mtoto Akilia, Usifunue

Jumapili, 6 Desemba 1970. Kawasaki.
Siku ya ishirini na mbili tangu niondoke Akita. Huko theluji imeshafunika shamba. Huku nafunga nondo za barabara ya juu, mgongo umekufa.

Jioni nimesema ukweli. Kosa! Nilimwambia Mama Kuniyo, mpishi wa bweni letu, mbele ya wanaume thelathini, kwamba wali wake unafaa kujengea nguzo. Watu wakaangua kicheko. Yeye akaninyang'anya bakuli.

"Haya, bwana mkulima, jiko la mafuta lile pale. Wiki hii ujipikie. Jumapili utatupikia sote, kila mtu aonje tonge. Ukiharibu utapiga magoti hapa hapa, paji la uso chini, useme wali wa Kuniyo ni mtamu."

Nimekubali. Kwani nini? Nina mfuko wa mchele wa shamba langu mwenyewe, mke wangu Misao alinifungia. Miaka thelathini nalima mpunga. Kupika sijawahi, kwanza alipika mama, kisha Misao. Lakini ni maji na moto tu!

Jumatatu, 7 Desemba.
Juu mbichi. Katikati uji. Chini makaa.

Hyodo, ninayelala naye chumba kimoja, anasema nimefunua sufuria mara tisa. Alihesabu! Mtu hana kazi. Nikamwambia Akita tunaupenda hivi hivi. Akasema anawaonea huruma watu wa Akita. Nikala wote, mbele yake, bila kupepesa macho.

Nimemwandikia Misao. Nimesema kuna rafiki yangu mmoja anataka kujua jinsi ya kupika wali.

Jumatano, 9 Desemba.
Leo bokoboko. Nimefunua mara sita tu. Kazini, nyapara kaniuliza kama kweli mimi ni mkulima au nilikuwa kinyozi. Mama Kuniyo kapita na samaki wake wa kuchoma, polepole, upande wa pua yangu. Makusudi! Nimekula figili kavu na maji ya moto. Sitapiga magoti.

Ijumaa, 11 Desemba.
Jibu la Misao. Anasema: "Mwambie huyo rafiki yako, ambaye bila shaka ana mkono usiotulia kama wa mume wangu: moto mdogo mwanzo, mkali katikati, mdogo tena mwisho. Akishafunika, hata mtoto akilia, asifunue."

Maneno ya wanawake wote wa kwetu. Lakini hapa bwenini hakuna mtoto. Nani atalia?

Hata hivyo nimebuni njia. Nimefunga mfuniko kwa waya wa nondo, sehemu nne, kama ninavyofunga nguzo. Koleo la kukatia waya nikampa Hyodo alikalie. Sufuria ikaanza kunung'unika. Harufu ikatoka. Nikamwomba koleo dakika moja tu.

"Kaa mbali, mzee. Hata ukilia wewe, sikupi."

Nilikaribia kulia kweli. Alipokata waya, lo! Kila punje imesimama, inang'aa. Hyodo alisogeza bakuli lake mara ya pili, kisha ya tatu. Mkono wangu huo! Nilijua ninao.

Jumapili, 13 Desemba.
Asubuhi Hyodo kaniletea waya na koleo. Nikamfukuza. Wanaume thelathini wanione nafunga sufuria kama mbuzi mwizi? Siku ile nilipika mimi, si waya.

Mama Kuniyo akaketi mbele yangu, mikono mapajani. Moto mdogo. Moto mkali. Harufu ileile. Nikasema nichungulie mara moja. Mara moja ikawa nne. Yeye alikuwa anakunja vidole tu, akihesabu.

Juu mbichi. Katikati uji. Chini makaa. Thelathini wakaonja, thelathini wakanywa maji.

Nimepiga magoti. Paji la uso chini. Nikasema wali wa Kuniyo ni mtamu. Nikaongeza kwamba mkeka wake una vumbi.

Akaniambia ninyanyuke, akaomba kikombe kimoja cha mchele kutoka mfuko wangu. Akaupika mwenyewe na kuniwekea bakuli. Nikatafuna. Ulikuwa shamba langu lote mdomoni, na maji ya mlimani, na Misao. Machozi yakanitoka. Ni mvuke.

"Unaona?" akaniuliza taratibu. "Mchele wako hauna kosa, baba. Uache tu peke yake."

Jumatatu, 14 Desemba.
Nimefikiri siku nzima nikifunga nondo. Nimepata kosa liko wapi. Maji ya Kawasaki. Na sufuria ile ni nyembamba.

Tena, niuache peke yake kwa nini? Nimeuangalia ukiwa mche. Nimeuangalia ukichanua, nimeamka kila alfajiri kuuangalia ukiiva. Leo umefika jikoni ndipo nikatazwe kuuangalia?

Nafika nyumbani tarehe 30, treni ya jioni. Misao ajue mapema: wali wa Mwaka Mpya napika mimi, asitie mguu jikoni. Waya siuchukui. Na nitafunua.