Ombi la Kupewa Anwani Moja ya Marehemu Mke Wangu

Igogo, Mwanza
11 Septemba 1995

Waheshimiwa Padri, Wachungaji na Wainjilisti mnaokutana kila mwezi kwa jina la Umoja wa Madhehebu Igogo,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Sabato njema, ambayo mwaweza kuiweka akiba hadi Jumamosi. Nimeziandika salamu zote ili asitokee mmoja wenu akasema barua haikumhusu.

Mimi ni Mihayo Masalu, niliyekuwa karani wa kupanga barua posta kwa miaka thelathini na moja, mpaka nilipopunguzwa kazini mwaka jana. Miaka yote hiyo sikuwahi kupokea barua ya mtu mmoja yenye anwani tatu. Ndiyo maana nawaandikia kuhusu mke wangu Ng'washi, tuliyemzika mwezi wa tano. Mlikuwepo nyote na mlikula nyote, wala silalamikii wali. Ninacholalamikia ni kwamba mpaka leo hamjaniambia kwa kauli moja yuko wapi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Padri alisema pale kaburini kwamba mama huyu yuko toharani, tumwombee. Hilo nalielewa kikazi, maana hata mfuko wa barua za Nansio, kule kisiwani, hukaa bandarini ukingoja meli. Lakini mfuko una siku yake ya kupakiwa. Nilipouliza meli ya toharani inaondoka lini, Padri alinipa pole ya pili.

2. Kabla udongo haujakauka, Mwinjilisti Chenge wa Sabato alinifungulia Mhubiri tisa, mstari wa tano: wafu hawajui neno lolote, Ng'washi amelala hadi parapanda. Mwinjilisti, nimelala na mwanamke yule miaka thelathini na minne. Alikuwa akisikia panya kwenye debe la mahindi la jirani. Leo naambiwa kwaya tatu zimeimba juu ya kichwa chake na hata hakugeuka ubavu. Sibishani na Maandiko, nashangaa tu.

3. Mchungaji Yeremia wa walokole, ambaye kipaza sauti chake kinatazama dirisha langu, alisema mke wangu yuko tayari kwa Bwana, hakuna cha kungoja wala kulala. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu akauliza alibatizwa kwa maji kiasi gani. Nikasema kikombe kimoja, Nansio, akiwa mchanga. Mchungaji akatikisa kichwa, na Ng'washi akashushwa kutoka mbinguni hapo hapo barazani, wageni wakiangalia. Nikajitolea nizamishwe ziwani mimi kwa niaba yake, kwa kuwa Wakorintho wa Kwanza kumi na tano, ishirini na tisa, unawataja wanaobatizwa kwa ajili ya wafu. Akasema mstari huo una maelezo yake. Nimegundua kwamba mstari wenye maelezo yake ni ule alioufungua mwingine.

4. Kaka yangu Mashimba, mfugaji wa kule karibu na Bujora, ambaye hajabatizwa hata kwa kijiko, anasema Ng'washi hajaenda popote, yupo hapa hapa nyumbani kwake, nimwage togwa kidogo mlangoni. Naona aibu kuwaarifu kwamba ni yeye peke yake aliyenipa anwani inayofikika kwa miguu.

Mtauliza haraka ya nini. Nina jambo la kumwambia. Jioni ile ya mwisho aliniuliza kama nimefunga banda la kuku, nikamjibu nimefunga. Sikuwa nimefunga. Nilikuwa nimemshika mkono na sikutaka kuuachia. Kicheche akaingia akamla yule tetea mwekundu aliyempenda kuliko mawifi zake. Nimemdanganya mtu anayekata roho, ndugu zangu, na jambo hilo limenikwama kooni kama mwiba wa sato.

Sasa pimeni wenyewe. Kama amelala, habari ya kuku ataipata siku ya parapanda, mbele ya malaika wote. Kama yuko mbinguni, aliliona banda likiwa wazi na ananisubiri. Kama yuko toharani, basi huenda ni mimi ninayemchelewesha, kwa kumtia hasira.

Kwa hiyo naomba:

(a) Mkae kikao hadi mkubaliane mahali pamoja. Vyama vya siasa, pamoja na matusi yao yote ya mwaka huu, vimekubaliana kituo cha kupigia kura.

(b) Hadi hapo, mtangaze makanisani kwamba hakuna mkazi wa Igogo anayeruhusiwa kufa.

(c) Msaini fomu ya rejesta niliyoambatanisha, ili atakayempelekea ujumbe wangu arudi na uthibitisho wa kupokelewa. Ng'washi hakujua kuandika, dole gumba linatosha.

Wasalimieni waumini wenu wote, wa maji mengi na wa maji kidogo, pamoja na wapiga kinanda.

Ni mimi, mtiifu kwenu nyote kwa zamu,
Mihayo Masalu

N.B. Nilitaka kuileta barua hii juzi Jumamosi, nikashindwa, maana Mwinjilisti alikuwa kwangu na kwaya akinithibitishia usingizi. Jana alikuja Padri. Keshokutwa ni walokole. Kila mmoja anaanza kwa kumtaja mke wangu kwa jina. Watoto wetu wako Geita na Dar es Salaam, na majirani walimaliza pole zao tangu mwezi wa sita. Nimewaza usiku kucha, nikaona kwamba siku mkikubaliana alipo, hamtakuwa na sababu ya kuja tena. Basi kikao kaeni, lakini nawaomba sana msikubaliane. Chai ipo.